Tumedukuliwa!

Limeingia neno jipya katika ofisi zetu, nalo limepokewa kwa heshima kuliko mgeni rasmi. Neno lenyewe ni "tumedukuliwa". Tovuti ya ofisi ya umma ikianza kutangaza kamari, tumedukuliwa. Majina na namba za simu za wanachama wa ushirika zikizagaa mitaani, tumedukuliwa. Fedha za wazazi zikienda kusikojulikana, tumedukuliwa. Likishatamkwa neno hilo, kikao hufungwa kwa sala, posho hugawiwa, na kila mtu hurudi kwake na moyo mweupe kama theluji ya Kilimanjaro.

Nimefundisha Kiswahili, na nimefundisha walimu wa Kiswahili, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Naomba basi niruhusiwe kulitazama neno hilo kama mwalimu wa sarufi kabla sijalitazama kama raia. "Tumedukuliwa" ni kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa. Kauli hiyo ina kazi njema katika lugha yetu, lakini ina hila yake: humgeuza msemaji kuwa mtu wa kuonewa tu, asiyekuwa na mkono katika jambo. Mtoto wa darasa la tatu aliyeangusha kikombe hasemi "nimekivunja". Husema "kimevunjika". Mtoto huyo tulimrekebisha, tena kwa upole, kwa kuwa tulijua kwamba tukimwachia sentensi ile atakuwa nayo mpaka ukubwani. Sasa nawasikia watu wazima wenye shahada na magari ya serikali wakisema kwa sarufi ya yule mtoto, na hakuna wa kuwarekebisha.

Hoja yangu naitamka mapema, ili asiyeipenda asipoteze muda. Mwizi wa mtandao yupo, naye ni mwizi, simtetei. Lakini mara nyingi wa kuulizwa kwanza ni mwenye nyumba ambaye aliambiwa kwamba kitasa chake kimelegea, akaletewa kitasa kipya bila malipo, naye akakiacha katika bahasha.

Mimi si fundi wa kompyuta. Nimekaa na vijana wanaozijua, nikauliza, nikaelezwa, nikauliza tena, kama nilivyowataka wanafunzi wangu wafanye. Nimegundua kwamba moja ya nyufa kubwa wanazopitia wezi hao linaweza kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama mstarini shuleni.

Fikiria shule ambayo kila asubuhi kiranja mkuu husoma matangazo mbele ya wenzake. Wanafunzi wamezoea kumtii, kwa maana lisomwalo na kiranja limetoka ofisini. Sasa katika shule hiyo kuna sanduku la maoni getini, ambamo mpita njia yeyote anaweza kutia karatasi, na kiranja ameagizwa azisome karatasi hizo pamoja na matangazo mengine. Siku moja mtu anaandika: "Kidato cha pili wote pelekeni ada zenu kwa bwana mwenye kofia nyekundu aliyesimama getini." Kiranja mzembe huisoma kama ilivyo, kwa sauti ile ile anayosomea amri za mkuu wa shule. Wanafunzi watafanya nini? Watakwenda getini! Kiranja mwangalifu angesema, "Kuna mtu ameandika maneno yafuatayo, nanukuu," kisha akayasoma, na watoto wangecheka. Maneno ni yale yale. Tofauti ni alama za kufungua na kufunga usemi.

Tovuti ndiyo kiranja, na kivinjari kilichomo katika simu yako ndiye mwanafunzi mtiifu. Kurasa za tovuti huandikwa kwa lugha ambayo ndani yake alama ya "ndogo kuliko", ile tuliyoichora ubaoni kwenye somo la hisabati, huashiria kwamba kinachofuata huenda si maneno ya kusomwa bali ni agizo la kutekelezwa. Mgeni anaweza kuiandika alama hiyo katika fomu ya tovuti, akaifuatisha na agizo lake. Tovuti iliyotengenezwa vyema huigeuza ikawa herufi ya kutazamwa tu; yaani humnukuu mgeni. Tovuti iliyotengenezwa vibaya humtolea mgeni sauti ya mwenye nyumba, na kivinjari hutii. Agizo hilo mafundi huliita skripti. Likishapokewa hufanya kazi kwa mamlaka ya tovuti yenyewe: laweza kusoma yaliyomo katika ukurasa, kubadili kinachoonekana, na kutuma maombi kwa jina la yule aliyeufungua.

Balaa huzidi pale aliyeufungua ukurasa anapokuwa msimamizi mwenyewe, mwenye funguo za kila chumba. Skripti haina haja ya kuiba neno lake la siri. Msimamizi amekwisha kuingia ndani, na skripti hutenda kazi ndani ya kivinjari chake kana kwamba ni yeye anayebofya. Ni sawa na mtu aliyeshika mkono wa mkuu wa shule na kusaini hundi kwa kalamu yake.

Ufa huu hupatikana sana katika vijiprogramu viitwavyo plagini. Tovuti za siku hizi aghalabu hazichongwi kutoka gogo zima. Husimamishwa juu ya programu iliyo tayari, na maarufu kupita zote ni WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ambayo leo hubeba zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani. Juu yake mtu hupachika plagini moja ya fomu za maombi, nyingine ya picha, nyingine ya kalenda. Ziko makumi ya maelfu, nyingi hutolewa bure, na kila moja ina mwandishi wake. Ni nyumba ambayo msingi umewekwa na fundi hodari, lakini kila dirisha limeletwa na seremala mwingine.

Wala mtu asiniambie kwamba haya ni mambo mageni ambayo bado tunajifunza. Februari 2000 kituo cha CERT, kilichokuwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, kiliutangazia ulimwengu tahadhari juu ya kosa hili. Oktoba 2005 kijana wa miaka 19, Samy Kamkar, alitia skripti katika ukurasa wake wa MySpace. Kila aliyeutazama alijikuta amemfanya Samy kuwa rafiki yake, na ukurasa wa mtazamaji nao ukaambukizwa. Katika muda wa siku moja tu waathirika walipita milioni moja. Kijana alifanya utani, ingawa mahakama haikucheka. Kisha mwaka 2024 shirika la MITRE la Marekani lilipotoa orodha yake ya makosa 25 ya hatari zaidi katika programu, kosa hili ndilo lililoshika nafasi ya kwanza. Lilitangazwa mwaka 2000, likaongoza mwaka 2024! Mwanafunzi akirudia kosa moja kwa miaka 24, hatusemi kwamba mtihani ulikuwa mgumu.

Hebu tuzihesabu siku tano za Mei 2023, kwa maana zinaonyesha nani alikuwa macho na nani alikuwa amelala. Tarehe 2 mtafiti wa kampuni ya Patchstack aligundua ufa wa namna hii katika plagini iitwayo Advanced Custom Fields, iliyokuwa ikitumika katika tovuti zaidi ya milioni mbili. Kilichohitajika ni kumshawishi msimamizi abofye kiungo kilichotegwa. Mtafiti hakupiga kelele. Aliwaarifu wenye plagini kwa siri. Tarehe 4 wakatoa toleo jipya, namba 6.1.6, lililouziba ufa. Tarehe 5 maelezo yakachapishwa hadharani pamoja na mfano wa jinsi ufa ulivyofanya kazi. Tarehe 6 kampuni ya Akamai, ambayo hulinda tovuti nyingi, ikaanza kuona mashambulizi. Washambuliaji hawakujisumbua hata kuandika maneno yao. Walinakili mfano uliochapishwa na kuujaribu huku na huko.

Mafundi walihitaji siku mbili kutengeneza dawa. Wezi walihitaji siku moja. Je, mwenye tovuti alihitaji siku ngapi kuinywa? Hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu katika ofisi nyingi ninazozifahamu jibu si siku wala wiki. Jibu ni kwamba hakuna mtu aliyepewa kazi hiyo.

Iko shule moja ya sekondari, sitaitaja, ambako mjukuu wangu alikuwa akisoma. Tovuti yake ilizinduliwa kwa utepe, keki na fulana. Ilikuwa na fomu ya maombi ya kujiunga, iliyoendeshwa na plagini. Siku moja likaingia ombi ambalo mahali pa jina palikuwa na maandishi yasiyosomeka. Mwangalizi wa tovuti alipolifungua ili alisome, skripti iliyofichwa ikatenda kazi yake, ikajiundia akaunti mpya yenye mamlaka yote. Siku chache baadaye namba ya kulipia ada iliyokuwa katika ukurasa wa shule ikabadilishwa. Wazazi kadhaa walilipa, wakapata ujumbe wa uthibitisho katika simu zao, wakalala usingizi.

Kikao kiliitishwa. Kiongozi wa shule akasimama, akasema neno lile: tumedukuliwa. Kisha akaongeza kwamba kwa kuwa fedha hazikufika katika akaunti ya shule, wazazi wahusika walipe upya kabla ya mitihani. Mama mmoja mchuuzi wa samaki akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, hiyo namba mimi niliisoma wapi? Si kwenu?" Swali lile lilikuwa bora kuliko hotuba zote za siku ile, na halikujibiwa. Kijana aliyeitwa kuikagua tovuti alisema, mbele ya kikao, kwamba toleo lililoziba ufa ule lilikuwa limetoka miezi saba kabla. Arifa za kukumbusha zilikuwa zikitumwa kila mara, ila zilikwenda katika barua pepe ya fundi wa kwanza ambaye alikwisha kumaliza mkataba na kuondoka. Mama yule alilipa mara ya pili, kwa mkopo wa kikoba. Shule haikulipa kitu.

Hiyo ndiyo maana ya kauli ya kutendwa, ndugu msomaji. Aliyelala ni ofisi. Aliyeamka na deni ni mchuuzi wa samaki.

Nazijua hoja za upande wa pili, maana nimezisikia zote, na ni haki nizipe nafasi.

Wa kwanza husema, hatuna fedha. Lakini tangu Agosti 2020 WordPress imeweka katika ukurasa wa usimamizi kitufe cha kuruhusu plagini zijisasishe zenyewe. Bei yake ni shilingi sifuri. Kufuta plagini isiyotumika nako ni shilingi sifuri. Fedha za keki zilipatikana.

Wa pili husema, sisi ni wadogo, nani atatutafuta? Hakuna anayekutafuta. Mashine ya mshambuliaji hupita ikigonga kila mlango, kama mvua inavyonyesha juu ya kila paa. Mvua haina habari kama ni paa la ikulu au la banda la kuku. Huingia palipo na tundu. Na katika banda letu kuna majina ya watoto, namba za wazazi wao, na matokeo yao.

Wa tatu husema, mkosaji ni mwandishi wa plagini. Kweli, kosa la kwanza ni lake, na anayeuza kazi yake awajibike kwa aliyemuuzia. Lakini mwandishi huyo mara nyingi anafanya kazi ya kujitolea. Anapokosea, akakiri mbele ya ulimwengu, akatengeneza dawa na kuigawa bure, amekwisha kufanya lile ambalo ofisi zetu nyingi hazijafanya hata mara moja. Hatuwezi kula wali wa bure kwa miaka mitano kisha tukamshtaki mpishi kwa sababu sisi wenyewe hatukuosha sahani.

Wa nne ndiye mwenye hoja nzito. Husema, ukisasisha plagini, wakati mwingine tovuti huharibika. Ni kweli. Toleo jipya laweza kugombana na plagini nyingine, na ukurasa ukavurugika. Ndiyo sababu hutunzwa nakala ya tovuti kabla ya kugusa lolote, na ndiyo sababu panatakiwa mtu anayelipwa kidogo kila mwezi, badala ya fundi anayelipwa nyingi mara moja kisha akaaga. Tovuti iliyovurugika jioni hurekebishwa asubuhi. Ada ya mama muuza samaki hairudi.

Wenzetu walikwisha kulikataa neno hili. Mwaka 2018 wezi waliingia katika mifumo ya shirika la ndege la British Airways. Walipitia mlango mwingine, si plagini ya fomu, lakini silaha waliyoiacha ndani ilikuwa ya ukoo huo huo: mistari 22 ya skripti iliyopenyezwa katika tovuti, ikawa inanyonya taarifa za kadi wateja walipokuwa wakizijaza. Shirika halikugundua lenyewe. Liliambiwa na mtu wa nje. Taarifa za wateja zaidi ya 400,000 ziliguswa. Hakika shirika lile lilikuwa limedukuliwa, na hakuna aliyebisha. Lakini Kamishna wa Taarifa wa Uingereza hakuishia hapo. Aliuliza: ninyi mlifanya nini kabla? Oktoba 2020 akalitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20.

Kwetu Tanzania tulianza na upande mmoja wa shilingi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwandama aliyevunja mlango, na ni sawa. Upande wa pili ulikuja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo humtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na imeunda Tume ya kusimamia jambo hilo. Jirani zetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Kwa hiyo hatuna upungufu wa maandishi. Tuna upungufu wa watu wa kusimama katika kikao na kuuliza swali la yule mama, kisha wakakataa kuketi mpaka lijibiwe.

Nawaomba wazazi, wanachama wa ushirika, na waumini ambao majina yao yamo katika tovuti za watu wengine, wadai mambo matatu. Kwanza, liwepo jina. Lisiwe "kitengo" wala "wataalamu wetu", bali jina la mtu mmoja aliyekabidhiwa tovuti kwa maandishi, na ambaye arifa za ufa humfikia yeye; akihama, akabidhi funguo kama mtunza ghala anavyokabidhi. Pili, iwepo tarehe. Katika kila kikao isomwe siku ambayo tovuti ilikaguliwa na kusasishwa mara ya mwisho, kama tunavyosoma salio la benki. Tatu, na hili ndilo litakaloumiza, hasara itokanayo na ufa ambao dawa yake ilikwisha kutolewa ibebwe na ofisi iliyoiacha dawa kabatini. Asilipe tena aliyekwisha kulipa kwa namba aliyoisoma katika mlango wa shule yenyewe. Hakika siku ofisi ya kwanza itakapolipa fedha hizo kutoka katika mfuko wake, kitufe kile cha shilingi sifuri kitabofyewa nchi nzima kabla ya jua kuchwa.

Na kwa walimu wenzangu nina kazi ya ziada ya sarufi. Mkimsikia kiongozi akisema "tumedukuliwa", msimwachie sentensi hiyo hewani. Mwambieni kwa adabu airudie katika kauli ya kutenda, tena katika wakati uliopita, akianza na nafsi yake: hatukufunga, hatukusoma arifa, hatukumweka mtu. Akishamaliza sentensi hizo tatu, basi na aendelee kumtaja mwizi.